Usiache mbachao: Bastola ya zamani ihifadhiwe au ibadilishwe?

WAHENGA walinena kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwaonya wanandoa, lakini nchini Marekani inaweza kumfaa pia mtu aliyesimama mbele ya kaunta ya duka la silaha akiwa na bastola kuukuu mkononi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanamume mkazi wa jimbo la Texas amefiwa na babake, aliyekuwa naibu wa sherifu kwa miaka mingi. Miongoni mwa mali aliyoachiwa ni revolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka, aina ya Smith & Wesson Model 19. Ndiyo silaha ambayo mzee huyo aliibeba kiunoni kila siku alipokwenda kazini.

Mwenye duka ameitazama, akaipindua mara mbili, kisha akatoa pendekezo. Kijana aiache hapo kaunta, naye achukue bastola mpya inayobeba risasi 17, bila kuongeza hata senti moja.

Akikubali, ataondoka na kitu kipya. Akikataa, atarudi nyumbani na kitu ambacho huenda asikitumie kamwe. Swali hilo huwakabili watu wengi nchini humo, ambako bastola hurithiwa jinsi kwingineko watu wanavyorithi saa ya ukutani au cherehani ya nyanya.

Kosa la wengi ni kuanza na swali la bei. Ukweli ni kwamba bei yafaa kuwa swali la mwisho. Kabla yake kuna maswali manne: Je, sheria inaruhusu? Je, nyumba iko salama? Je, silaha yenyewe ni nzima? Na je, ikishaondoka, inaweza kupatikana tena?

Silaha iliyotawala karne nzima

Ili kuelewa kwa nini chuma hiki kikuukuu kinawatia watu katika njia panda, ni vyema kufahamu kilikotoka.

Samuel Colt alipata hataza ya Marekani ya bastola yenye silinda inayozunguka mwaka wa 1836. Kabla ya hapo, bastola ya kawaida ilifyatua risasi moja au mbili, kisha mwenyewe akalazimika kuipakia upya huku adui akimkaribia.

Baadaye Horace Smith na Daniel Wesson waliunda kampuni iliyokuja kuwa mshindani mkubwa wa Colt. Mnamo 1899 kampuni yao ilitoa revolva iliyoitwa Military & Police, ambayo baadaye ilijulikana kama Model 10. Zaidi ya milioni sita za aina hiyo zimetengenezwa, na kwa miongo mingi ilikuwa ndiyo silaha ya kawaida ya polisi wa Marekani.

Mwaka wa 1935 ilizuka risasi mpya yenye nguvu zaidi, .357 Magnum. Miaka 20 baadaye, mnamo 1955, zilitoka bastola mbili za risasi hiyo ambazo hadi leo zinatajwa kwa heshima. Moja ilikuwa Colt Python. Nyingine ni ile iliyopewa jina la Combat Magnum, ambayo kuanzia 1957 iliitwa Model 19.

Sifa za revolva hizo zilikuwa mbili. Mtambo wake ulikuwa rahisi kuaminiwa, kwani risasi moja ikikataa kulipuka, mtu huvuta tena kifyatulio na silinda huleta nyingine. Aidha, katika zile bora, vipande vya ndani vililinganishwa na fundi kwa mkono, na chuma kikang'arishwa hadi kikawa na rangi ya samawati iliyokolea kama anga ya magharibi.

Enzi hiyo ilianza kufikia kikomo katika miaka ya 1980.

Mnamo Aprili 11, 1986, maajenti wa shirika la FBI walikabiliana na majambazi wawili mjini Miami, jimbo la Florida. Maajenti wawili waliuawa na wengine watano wakajeruhiwa. Wengi wa maajenti hao walibeba revolva, na ugumu wa kuipakia upya katikati ya makabiliano, tena kwa mkono uliojeruhiwa, ulionekana kuwa udhaifu mkubwa.

Ajabu ni kwamba risasi zilizokomesha makabiliano hayo zilitoka kwa revolva ya ajenti aliyekuwa amejeruhiwa vibaya. Hata hivyo, uamuzi ulikuwa umefikiwa vichwani mwa wakuu wa polisi: risasi sita hazikutosha tena.

Idara moja baada ya nyingine ikahamia bastola za magazini. Polisi wa jiji la New York waliruhusiwa kuanza kuzitumia mwaka wa 1993, huku maafisa wa zamani wakikubaliwa kubaki na revolva zao. Ruhusa hiyo iliondolewa mwaka wa 2018.

Idara nyingi zilitoa revolva zao kwa wauzaji ili zipunguziwe gharama ya silaha mpya. Maelfu ya bastola zilizotunzwa vizuri zikamiminika madukani kwa wakati mmoja, na kama ilivyo kwa nyanya za msimu wa mavuno, bei ikaanguka.

Idara hizo hazikukosea. Zilihitaji chombo cha kazi, nazo zikanunua chombo kilichofaa kazi hiyo. Lakini raia aliyeiga mfano huo, akabadilisha revolva yake nzuri kwa sababu tu kila mtu alikuwa akibadilisha, leo akiitaka ileile hana budi kulipa zaidi ya alichopewa.

Swali la kwanza: Je, sheria inasemaje?

Watu wengi nje ya Marekani hudhani kwamba bastola nchini humo huuzwa kama viazi. Sivyo.

Sheria kuu ya taifa kuhusu jambo hili ni ya mwaka wa 1968. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mkazi wa jimbo moja hawezi kumuuzia mkazi wa jimbo jingine bastola moja kwa moja. Ni sharti ipitie kwa muuzaji mwenye leseni. Mnunuzi wa dukani hujaza fomu ya serikali, na tangu Novemba 1998 jina lake hukaguliwa katika mfumo wa taifa wa kuchunguza rekodi za wahalifu na watu wengine waliopigwa marufuku kumiliki silaha.

Urithi una nafuu yake. Mtu anaweza kupokea silaha aliyoachiwa na marehemu aliyeishi jimbo jingine, mradi yeye mwenyewe hakatazwi na sheria ya nchi wala ya jimbo lake kuimiliki. Hata hivyo, majimbo hutofautiana sana. Kinachoruhusiwa Texas huenda kikawa kosa New York au California.

Umri wa silaha pia una maana. Bastola iliyotengenezwa kabla ya 1899 huhesabiwa na sheria ya taifa kuwa ya kale, na haifungwi na masharti mengi yanayohusu silaha za kisasa. Iliyotimiza miaka 50, ikiwa katika hali yake ya asili, huingia katika kundi la vitu vya wakusanyaji, na mtu anaweza kuomba leseni maalumu ya kukusanya silaha za kundi hilo.

Kwa hivyo, kabla ya kufikiria kuhifadhi au kubadilisha, mwenye bastola anapaswa kujua imetengenezwa mwaka gani na jimbo lake linataka nini. Bastola isiyo halali mikononi mwako si mali; ni kesi inayosubiri siku.

Swali la pili: Je, nyumba iko salama?

Hili ndilo swali ambalo wapenzi wa silaha hulipita haraka, ilhali ndilo lenye uzito kuliko yote.

Mwaka wa 2022, zaidi ya watu 48,000 walifariki Marekani kutokana na risasi. Kati yao, zaidi ya 27,000 walijiua. Maana yake ni kwamba, kwa kila vifo viwili vya risasi, zaidi ya kimoja kilisababishwa na mkono wa marehemu mwenyewe.

Takwimu hizo zinapaswa kumfanya mrithi aitazame nyumba yake kabla hajaitazama bastola. Je, kuna kijana anayepitia kipindi kigumu? Je, kuna mtu mwenye huzuni nzito baada ya msiba uleule ulioileta silaha hiyo nyumbani? Je, kuna watoto wanaojua ufunguo unafichwa wapi?

Ikiwa jibu la mojawapo ni ndiyo, na hakuna kasha la chuma lenye kufuli imara, basi mjadala wa thamani na kumbukumbu unapaswa kusimama. Silaha na iondoke nyumbani kwanza, hata kama ni kwa muda, ikahifadhiwe mahali panaporuhusiwa na sheria ya jimbo. Hakuna revolva, hata ing'are namna gani, inayostahili kulipiwa kwa uhai wa mtu.

Kuna hatari nyingine iliyomo ndani ya chuma chenyewe. Baadhi ya revolva za zamani zinaweza kufyatuka zikianguka, kwa sababu nyundo hukaa ikigusa sehemu inayopiga risasi.

Kampuni ya Ruger ilibadilisha mtambo wa revolva zake za mtindo wa kichunga ng'ombe mwaka wa 1973 kwa kuweka kipande cha chuma kinachozuia ajali hiyo. Kuanzia 1982 imekuwa ikiwawekea kipande hicho bila malipo wenye bastola za mtindo wa awali, na huwarudishia vipuri vya zamani vilivyotolewa.

Vipuri hivyo visitupwe. Mkusanyaji atataka kuviona siku ya kuuza, kwani ndivyo vinavyothibitisha jinsi bastola ilivyotoka kiwandani. Aliye na silaha ya aina hiyo ana njia ya kuifanya salama bila kuipotezea asili yake.

Swali la tatu: Je, silaha ni nzima?

Revolva inaweza kung'aa nje na kuwa imechoka ndani, kama gari lililopakwa rangi upya likauzwa kando ya barabara. Fundi mwenye ujuzi huichunguza kwa mpangilio.

Kwanza kabisa, silinda hufunguliwa na kuhakikishwa kwamba haina risasi. Kisha huhakikishwa tena.

Baada ya hapo nyundo huvutwa nyuma polepole. Silinda inapaswa kuzunguka na kujifunga barabara kabla nyundo haijafika mwisho wa safari yake. Isipojifunga, tundu la risasi halitakaa sambamba na mtutu, na risasi ikipigwa itakwaruza ukingo na kurusha vipande vya madini kando. Anayesimama karibu anaweza kuumia.

Pili, silinda husukumwa mbele na nyuma. Ikicheza sana, ni ishara kwamba bastola imepigwa risasi nyingi kali.

Tatu, hutazamwa mdomo wa nyuma wa mtutu, pale risasi inapoingilia ikitoka kwenye silinda. Hapa ndipo Model 19 ya mfano wetu ina udhaifu unaojulikana. Sehemu ya chini ya mdomo huo ilikatwa kidogo kiwandani ili silinda ipate nafasi ya kufunga. Risasi nyepesi za Magnum, za uzito wa gramu nane hivi, zina kasi na moto mwingi, na zilipopigwa kwa wingi zilipasua mdomo huo katika baadhi ya bastola.

Ufa mdogo mahali hapo hubadilisha hesabu yote. Kupata mtutu wa asili wa kurekebishia ni kibarua, na bastola iliyopasuka haifai kupigwa tena.

Lakini ikiwa hakuna ufa, dawa ni nyepesi. Model 19 hupokea pia risasi za .38 Special, ambazo ni pole zaidi. Mwenye kuipenda anaweza kuipiga kwa risasi hizo miaka mingi bila kuichosha.

Colt Python nayo ina tabia yake. Mtambo wake ulilinganishwa kwa mkono, na ukilegea si kila fundi anayeweza kuurudisha katika hali yake. Anayeihifadhi ni lazima awe tayari kumtafuta fundi wa aina hiyo na kumlipa.

Kosa kubwa zaidi katika hatua hii ni kutaka kuirembesha. Mtu huona rangi imefifia pale bastola ilipokuwa ikisugua ala yake, akaipeleka ing'arishwe na kupakwa rangi upya. Kwa mkusanyaji, kufifia huko ni ushahidi wa maisha ya kitu. Rangi mpya huufuta, na pamoja nao hufuta sehemu kubwa ya thamani.

Swali la nne: Je, itapatikana tena?

Baada ya kuvuka vikwazo hivyo vitatu, ndipo mtu anapofika kwenye kiini cha uamuzi. Mabadilishano mengine yana mlango wa kurudi nyuma, na mengine hayana.

Bastola mpya iliyo dukani leo itakuwa dukani pia mwezi ujao. Anayeikosa sasa hajapoteza kitu. Revolva ya zamani haiko hivyo, na hata kati ya revolva zenyewe kuna ngazi.

Ngazi ya chini ni zile zilizotengenezwa kwa mamilioni. Model 10 ya kawaida, isiyo na historia ya pekee, inaweza kutafutwa na kupatikana tena. Anayeibadilisha apate kitu anachokihitaji hajafanya dhambi.

Ngazi ya pili ni zile ambazo zilikoma kutengenezwa, kisha zikarudi zikiwa zimebadilika. Model 19 iliondolewa kiwandani mwaka wa 1999 na ikarejeshwa 2018. Python iliondolewa katika utengenezaji wa kawaida mwaka wa 1999, ikaendelea kwa maagizo maalumu kwa miaka michache, kisha ikarudi 2020 ikiwa ya chuma kisichoshika kutu, kwa bei iliyopendekezwa ya dola 1,499.

Kurudi huko kumewasaidia wanaotaka bastola ya kupiga. Mpya ni imara na ina chuma kizuri. Kwa sababu hiyo, aliye na Python ya zamani na anataka tu kwenda nayo uwanja wa shabaha, anaweza kuuza ya zamani, akanunua mpya na kubaki na chenji.

Hata hivyo, mpya si ya zamani. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Smith & Wesson ilishikilia mtutu kwa pini ndogo ya chuma iliyopenya ubavuni. Katika miaka ya 2000 ilianza kuweka kufuli ya ndani, yenye tundu dogo la ufunguo ubavuni. Alama ndogo kama hizo ndizo wakusanyaji huzitazama kwanza, jinsi mfugaji anavyotazama meno ya ng'ombe sokoni.

Ngazi ya tatu ni zile zenye historia ya mtu. Hii haina kiwanda. Revolva iliyobebwa na baba kazini kwa miaka 20, iliyochakaa mpini pale kiganja chake kilipokuwa kikikaa, haiwezi kununuliwa popote pengine duniani.

Lakini historia nayo inahitaji ushahidi. Sokoni, hadithi isiyo na karatasi haina bei. Kibandiko cha idara, picha ya marehemu akiwa na silaha hiyo, kasha la awali, risiti na barua hugeuza simulizi kuwa jambo linaloweza kuaminika. Kwa ada, mtu anaweza pia kupata barua kutoka kwa hifadhi za kumbukumbu za Colt na za Smith & Wesson, ikieleza bastola yenye nambari fulani ilisafirishwa lini na ilipelekwa kwa nani.

Ndipo tufike kwenye bei

Mwenye duka hakosei anapotoa kiasi kidogo. Atalazimika kuikagua bastola, kuiweka, kumngoja mnunuzi na kupata faida. Tuseme kwa mfano kwamba wanunuzi wangelipa dola 1,000 kwa Model 19 hiyo. Duka likitoa dola 600, tofauti ya dola 400 ndiyo gharama ya kumaliza shughuli siku hiyohiyo.

Kwa anayehitaji pesa za hospitali au kodi ya nyumba, huenda gharama hiyo ikawa ya haki. Kwa asiye na haraka, ni hasara ya bure. Njia bora ni kutazama bei ambazo bastola kama hiyo imeuzwa kwazo minadani, si bei ambazo wauzaji wanatamani. Bei inayotakwa ni ndoto ya muuzaji. Bei iliyolipwa ndiyo soko.

Ikumbukwe pia kwamba soko hupanda na kushuka kwa sababu zisizohusiana na ubora. Filamu ya Dirty Harry ya 1971 iliipa Smith & Wesson Model 29 umaarufu mkubwa. Tamthilia ya The Walking Dead, iliyoanza 2010, ilimwonyesha mhusika wake mkuu akiwa na Colt Python, na kizazi kipya kikaijua. Anayehifadhi bastola kwa matumaini ya kutajirika anacheza kamari kama wachezaji wengine.

Isitoshe, kuhifadhi kuna gharama. Kasha la chuma hununuliwa. Mafuta ya kuzuia kutu hupakwa mara kwa mara. Tena bastola haipaswi kulazwa ndani ya ala yake ya ngozi, maana ngozi hunyonya unyevu na kuuleta kwenye chuma. Wengi wamefungua kabati baada ya miaka kumi wakakuta kutu imeandika jina lake pale rangi ya samawati ilipokuwa.

Kwa Wakenya walioko huko, na walioko hapa

Wapo Wakenya wengi wanaoishi Marekani, na baadhi yao wameoa au kuolewa katika familia zenye silaha. Ni vyema wafahamu kwamba sheria ya taifa hilo hairuhusu, kwa jumla, mtu aliye huko kwa viza ya muda, kama vile ya mwanafunzi, kumiliki bunduki au bastola, ingawa kuna hali chache zilizoachwa wazi kama za wenye leseni ya uwindaji. Mwenye kibali cha ukazi wa kudumu yuko katika kundi tofauti.

Kosa la silaha linaweza kumharibia mgeni makaratasi yake ya uhamiaji. Mwanafunzi akipewa revolva ya babu wa mchumba wake kama zawadi, jibu salama ni shukrani na kukataa.

Hapa Kenya swali la kubadilisha halianzii dukani kamwe. Kwa mujibu wa Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hakuna anayeruhusiwa kumiliki bastola bila cheti, na anayeruhusu ni Bodi ya Leseni za Silaha. Mnamo Desemba 2018 serikali iliagiza wenye vyeti wote wachunguzwe upya, na wengi walilazimika kujitokeza na silaha zao.

Cheti hutolewa kwa jina la mtu. Hakirithiwi kama shamba. Familia ikifungua sanduku la marehemu na kukuta bastola ya zamani, hata iwe imeshika kutu tangu enzi za ukoloni, haifai kuificha, kuiuza wala kuijaribu. Njia iliyo wazi ni kuwaarifu polisi bila kukawia na kufuata maelekezo yao.

Uamuzi wa mrithi

Turejee Texas, kwa yule mwana aliyesimama kaunta. Ameshajua kwamba sheria ya jimbo lake haimzuii. Fundi ameitazama revolva na hakuona ufa. Kibandiko cha babake kipo, na picha ya mzee akiwa na sare imo kwenye albamu ya mama.

Yabaki maswali mawili tu. Je, ana kasha la kuifungia? Na je, anahitaji bastola ya kujilinda kiasi kwamba hawezi kungoja kuinunua kwa pesa zake?

Ikiwa ana kasha na hana dharura, aifunge kwenye kitambaa kilichopakwa mafuta, aandike kwenye karatasi babake alikuwa nani na aliibeba wapi, kisha aende nyumbani. Bastola mpya itamngoja dukani.

Ikiwa hana kasha, au nyumbani kuna mtu ambaye roho yake imevunjika, basi aiache, kwa kuuza au kwa kumkabidhi ndugu mwenye uwezo wa kuitunza kihalali. Picha ya mzee na kibandiko chake vitabaki, navyo havimdhuru mtu.

Lakini asiibadilishe kwa sababu tu ya mng'aro wa kilicho kwenye kabati la kioo. Mbacha una matundu yake, na pengine umechakaa. Hata hivyo, mwenye mbacha anajua ulikotoka, na aliyeutupa huenda akautafuta siku ambayo aliyeuokota hataki tena kuuza.